INJINI INAPOSITA WAKATI WA KUONGEZA MWENDO
Mafundisho kwa wenye magari na madereva

Kila dereva aliyepata kusafiri katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Nairobi aijua saa hii. Mbele yako lori lenye mzigo lapanda mlima kwa mwendo wa kinyonga, na nyuma yako magari yamepangana. Umengoja mpaka ukaona njia i wazi, ukatoa ishara, ukaingia upande wa kulia, ukakanyaga mafuta. Hapo ndipo injini inaposita. Kwa sekunde moja au mbili haivuti, kama mtu aliyeitwa asijue kama ni yeye anayeitwa; kisha ghafula yashtuka, na gari laruka mbele.

Sekunde mbili ni kitu kidogo kwa mtu aliyeketi nyumbani. Lakini gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kwa kila sekunde moja. Basi lishukalo kukuelekea limekwisha kukaribia meta 44 wakati injini yako ilipokuwa ikifanya shauri. Kwa hiyo kusita kwa injini si udhia tu. Ni hatari ya mauti, na dereva aliyeuona ugonjwa huu katika gari lake yampasa asilipite gari jingine katika barabara kuu mpaka amekwisha kuuponya.

Tena ugonjwa huu ni adui wa mfuko. Tuseme yuko mkulima wa Kinangop mwenye gari dogo la kuchukulia viazi na kabeji mpaka sokoni. Gari lake laanza kusita. Fundi wa kwanza amwambia pampu ya petroli imekufa, anunua pampu. Fundi wa pili amwambia ni plagi, anunua plagi. Fundi wa tatu ataka abadilishe kompyuta ya gari. Fedha za mavuno mazima zimekwisha, na gari bado lasita vile vile. Makosa ya mkulima huyu si kwamba hakutoa fedha. Ni kwamba alinunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Mwisho wa mafundisho haya tutarudi kwake na kuona ni kitu gani kilichomsumbua.

KWA NINI INJINI HUSITA

Injini ya petroli yahitaji vitu vitatu: hewa, petroli, na cheche ya moto. Hewa na petroli huchanganyika kwa kipimo, kisha cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko huo ndani ya silinda, na nguvu ya mwako huisukuma pistoni. Kipimo chenyewe ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi sana, moshi mweusi hutoka nyuma na plagi huingia masizi. Petroli ikipungua sana, mchanganyiko hauwaki vema, na injini hukohoa.

Watu wengi hudhani kwamba wanapokanyaga mafuta wanamimina petroli katika injini. Sivyo. Katika gari la petroli, kanyagio lile hufungua kilango cha hewa. Na katika magari mengi ya siku hizi huipelekea kompyuta habari tu, nayo kompyuta ndiyo ifunguayo kilango hicho. Sasa hewa ni nyepesi, huingia mara moja. Petroli ni nzito kuliko hewa, huchelewa, na nyingine hushikamana na kuta za bomba kabla ya kufika. Kwa hiyo mtu akanyagapo mafuta kwa ghafula, kwa muda mfupi injini hupata hewa nyingi na petroli haba. Huo ndio mlango wa kusita.

Waliounda magari waliijua taabu hii tangu zamani. Kabureta ya kurushia petroli kwa manyunyu ilibuniwa na Wilhelm Maybach wa Ujerumani mwaka 1893, na baadaye waundaji waliongeza ndani ya kabureta pampu ndogo ya kutupa petroli ya ziada kila kanyagio linaposhuka. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo wake uitwao D-Jetronic, ambao uliacha kabureta na kutumia nozeli zinazofunguliwa kwa umeme. Katika magari ya namna hiyo kompyuta ndiyo huongeza petroli, ikisha kupewa habari na vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa. Njia ni mbili, lakini kazi ni moja: kuhakikisha petroli haiachwi nyuma na hewa.

Liko na jambo la pili. Mafuta yanapokanyagwa, silinda hujaa, na mkandamizo ndani yake huwa mkubwa. Cheche hupata shida kuruka katika mkandamizo ule, nayo huhitaji umeme wenye nguvu zaidi. Plagi iliyochoka au waya uliopasuka huweza kufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama, kisha ukashindwa mlimani. Kwa hiyo fundi akikuambia, “Sikiliza, injini yanguruma vizuri,” na gari limesimama kivulini, huo si ushahidi. Ugonjwa wa mlimani hutafutwa kwa kuikumbuka hali ya mlimani.

KWANZA UTAMBUE UGONJWA WENYEWE

Si kila gari lisilokimbia lina injini inayosita. Ikiwa sauti ya injini yapanda juu lakini gari lenyewe haliongezi mwendo, yamkini ni klachi inayoteleza. Ikiwa gari lote ni zito, na ukisimama gurudumu moja latoa joto kuliko mengine, huenda breki zimeshika. Na katika gari lenye gia za kujibadilisha zenyewe, kuchelewa kwa gia huweza kufanana na kusita kwa injini. Mafundisho haya ni ya injini za petroli. Injini za dizeli zina habari yake nyingine.

Ukisha kujua kwamba ni injini, chukua kijitabu na kalamu, uandike majibu ya maswali haya kabla ya kwenda kwa fundi:

1. Je, yasita mara tu unapokanyaga, kisha yapata nguvu? Basi tafuta kwanza hewa inayovuja, pampu ndogo ya kabureta, au vihisi vya hewa na vya kilango.

2. Je, yaanza vizuri, kisha yaishiwa nguvu baada ya kupanda mlima kwa muda? Hiyo ni dalili ya petroli isiyofika ya kutosha: chujio la petroli lililoziba, au pampu iliyochoka.

3. Je, yakatakata na kushtuashtua, hasa wakati wa mvua au asubuhi yenye umande? Tazama plagi, waya na koili.

4. Je, yasita ikiwa baridi tu, na ikipata moto yapona? Katika gari la kabureta tazama choki. Katika gari la kompyuta, kihisi cha joto la maji.

5. Je, yasita ikipata moto tu? Koili nyingine hufa zikipata moto, zikipoa zikafufuka. Kadhalika katika magari ya kabureta petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na moto.

6. Je, nguvu imepungua siku kwa siku bila kushtua? Chujio la hewa limejaa vumbi, ama bomba la moshi limeziba.

Mwenye gari aliyeleta majibu haya kwa fundi amemwokolea fundi nusu ya kazi, na mfuko wake mwenyewe nusu ya gharama.

TAHADHARI KABLA YA KUGUSA

Petroli haina mzaha. Usivute sigara wala usiwashe kiberiti karibu na injini iliyofunguliwa, wala usitumie mshumaa au taa ya mafuta kwa kutazamia. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Usiache injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Funga mikono ya shati na nguo yo yote inayoning'inia, isije ikanaswa na feni. Na katika gari lenye nozeli, usifungue bomba la petroli bila kupunguza kwanza mkandamizo wake, maana petroli itaruka kwa nguvu mpaka machoni.

Tena wako watu wenye desturi ya kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa yafanya kazi ili wajue silinda ipi imelala. Desturi hii iacheni. Umeme wa plagi hufika maelfu mengi ya volti, na katika magari mapya mchezo huo huweza kuunguza koili au kompyuta.

SASA TUANZE: HEWA

Kanuni ya kazi hii ni moja: anza na jambo lisilogharimu kitu, umalize na lile lenye gharama. Kwa hiyo twaanza na macho na mikono.

Fungua sanduku la chujio la hewa, ulitoe chujio, ulitazame kwenye mwanga wa jua. Ikiwa mwanga hauonekani kupitia katika karatasi yake, injini yako yapumua kama mtu aliyezibwa pua. Katika barabara zetu za vumbi chujio huziba upesi kuliko kijitabu cha gari kinavyosema, maana vijitabu vingi viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye lami kila mahali. Chujio lililolowa mafuta au kutoboka lisisafishwe, libadilishwe.

Kisha tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Kati ya kilango cha hewa na silinda iko mipira mingi midogo, mingine myembamba kama kidole cha mwisho. Mipira hii hukauka kwa joto na kupasuka. Injini ikinguruma polepole, sikiliza kama kuna sauti ya “sss”. Katika gari lenye kompyuta, hewa inayoingia hapo haikuhesabiwa, na kompyuta hutoa petroli kwa kadiri ya hewa iliyohesabiwa tu. Kwa hiyo mchanganyiko huwa na petroli haba. Waweza kunyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira, mbali na nyaya za umeme: sauti ya injini ikibadilika maji yanapofika mahali fulani, hapo ndipo penye ufa. Wako wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta badala ya maji, lakini dawa ile huwaka moto upesi, na twashauri maji.

Usisahau lile bomba nene la mpira litokalo kwenye chujio la hewa mpaka kwenye kilango. Bomba hili lina mikunjo kama kinanda cha mkono. Likunje kwa mikono yako, ulifunue kila mkunjo, utazame ndani yake. Ufa katika mikunjo hujificha gari likiwa limesimama, kwa kuwa mikunjo imebanana. Lakini mafuta yakikanyagwa injini hujipinda kidogo juu ya vishikizo vyake, bomba huvutika, na ufa hufunguka.

PETROLI

Jiulize kwanza: ugonjwa ulianza lini? Ikiwa ulianza siku ile ile uliyojaza petroli mahali pageni, yamkini taabu imo katika petroli yenyewe. Chukua petroli kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwamo utayaona yamekaa chini, na mstari kati yao. Kisha tia tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Mafuta ya taa huchelewa kukauka na kuacha doa la mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda na kuipunguzia injini nguvu. Uovu huu ulienea sana hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kupunguza tamaa ya wale wanaoyachanganya na mafuta ya magari.

Jaribio jingine lisilo na gharama ni la kifuniko cha tangi, hasa katika magari ya zamani. Kifuniko hicho kina njia ndogo ya kuingizia hewa. Ikiziba, petroli inapopungua hakuna hewa ya kushika mahali pake, na pampu hushindwa kuvuta. Gari likisita, simama mahali pa salama, ufungue kifuniko. Ukisikia hewa yaingia kwa nguvu, na gari likapona kwa muda, umeupata ugonjwa.

Baada ya hayo ndipo tutazame chujio la petroli. Katika magari mengi ya zamani liko wazi chini ya gari au kando ya injini, na bei yake si kubwa. Katika mengi ya siku hizi limo ndani ya tangi pamoja na pampu. Hapo ndipo tunapowaonya wale wenye mazoea ya kutembea kila siku na taa ya tangi ikiwaka. Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Petroli ikiwa haba siku zote, pampu hupata joto na kufa kabla ya wakati wake. Pampu isihukumiwe kwa kukisia. Fundi aliye na kipimo cha mkandamizo aipime wakati injini inafanya kazi, alinganishe na kijitabu cha gari. Kipimo kikiwa sawa, pampu haina hatia.

CHECHE

Toa plagi moja moja, uzipange mezani kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi ni barua injini iliyokuandikia. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu yasema, “Sijambo.” Ncha nyeusi yenye masizi makavu yasema petroli ni nyingi au cheche ni dhaifu. Ncha nyeupe kama chokaa yasema petroli ni haba au joto limezidi. Ncha iliyolowa mafuta mazito yasema mafuta ya injini yapita ndani ya silinda, na hiyo ni habari nyingine kubwa. Ikiwa plagi tatu zafanana na moja ni tofauti, ugonjwa uko katika silinda ile moja, wala si katika gari zima.

Pima pia nafasi ya ncha kwa kipimo chake. Magari mengi hutaka kati ya milimeta 0.7 na 1.1, lakini kijitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Nafasi ikipanuka kwa kuliwa, cheche hushindwa kuruka mlimani.

Katika gari lenye nyaya ndefu za plagi liko jaribio zuri la usiku. Simamisha gari mahali penye giza, fungua boneti, injini ikinguruma, utazame bila kugusa. Ukiona vijicheche vya samawati vikirukaruka kwenye nyaya au kwenye kifuniko cha distribyuta, umeme wavuja hapo badala ya kufika kwenye plagi. Katika magari yenye koili moja juu ya kila plagi, fundi huweza kuihamisha koili ya silinda inayoshukiwa na kuiweka kwenye silinda nyingine, injini ikiwa imezimwa. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, mwizi amekamatwa. Usipohama, usinunue koili.

GARI LENYE KABURETA

Bado yako magari mengi ya zamani yanayofanya kazi mashambani kwa kabureta. Pampu ile ndogo tuliyoitaja hujaribiwa hivi: zima injini, toa kifuniko cha chujio la hewa, utazame ndani ya kabureta huku mwenzako akikanyaga mafuta mara moja. Yapasa uone mchirizi wa petroli ukiruka papo hapo, mwembamba na wenye nguvu. Usipouona, au ukichelewa, kiwambo cha pampu kimepasuka au kijitundu chake kimeziba. Usifanye jaribio hili injini ikifanya kazi, maana moto huweza kurudi nyuma ukakuunguza uso.

Vijitundu vya petroli vinavyoitwa jeti visizibuliwe kwa waya wala sindano. Vimetobolewa kwa kipimo cha sehemu ndogo sana za milimeta, na waya huvipanua. Visafishwe kwa petroli safi au dawa yake, kisha vipulizwe kwa pampu ya hewa.

GARI LENYE KOMPYUTA

Wengi wetu sasa huendesha magari yaliyokwisha tumika Japani, na karibu yote yana nozeli na kompyuta. Taa ya injini ikiwaka mbele ya dereva, maana yake kompyuta imeandika jambo. Fundi mwenye kifaa cha kusomea hulipata kwa namba. Namba P0171, kwa mfano, yasema mchanganyiko una petroli haba. Namba P0300 yasema silinda zakosa kuwaka bila mpango. Lakini angalieni sana: namba ni malalamiko, si hukumu. P0171 haisemi “nunua kihisi”. Huweza kuletwa na mpira uliopasuka, chujio la petroli lililoziba, pampu dhaifu, au kihisi kichafu. Na mtu afutaye namba bila kutengeneza kitu ni kama mtu aliyemfukuza shahidi mahakamani, kesi haikwisha.

Kihisi kipimacho hewa mara nyingi huwa na uzi mwembamba sana wa madini unaopata joto. Vumbi likiushika, hupima hewa pungufu, na petroli hupungua pia. Husafishwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake tu, bila kuugusa uzi kwa kidole wala kitambaa, kisha huachwa ukauke kabisa. Kihisi cha kilango nacho hupimwa kwa mita ya umeme: kilango kikifunguliwa taratibu, volti zapaswa kupanda taratibu bila kuruka wala kukatika. Zikikatika mahali pamoja, mahali pale pamelika, na pale pale ndipo gari husita.

Taa ya injini ikimetameta badala ya kuwaka moja kwa moja, katika magari mengi ni onyo kubwa: silinda zakosa kuwaka kiasi cha kudhuru. Petroli isiyowaka hufika kwenye kichujio cha moshi, ikawaka humo, ikakiyeyusha na kukiziba. Hapo ugonjwa wa plagi moja umekuwa ugonjwa wa sehemu mojawapo iliyo ghali sana katika gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HABARI YA MILIMA NA PWANI

Wasafiri wa kutoka Mombasa hulalamika kwamba gari lao limelegea likifika bara. Si ugonjwa wote. Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya meta 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Hewa ikipungua, nguvu ya injini isiyo na taboo hupungua pia. Lakini kupungua huko ni kwa taratibu, tena kwa mwendo wote. Hakushtui wala hakukati. Kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi mno huku juu, nayo yafaa ipimwe upya. Kompyuta hujirekebisha yenyewe. Gari la kompyuta likishtuashtua Limuru, usiilaumu milima.

BAADA YA KUTENGENEZA

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu gari katika mlima ule ule, kwa gia ile ile, na mzigo kama ule ule. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na gari likapona, hutajua ni kipi kilichoponya, na siku ya pili utavilipia tena vyote vitatu. Mwombe fundi akurudishie kila kitu cha kale alichokitoa, ukione kwa macho yako. Fundi mwema hatachukizwa.

Na sasa turudi kwa mkulima wetu wa Kinangop. Baada ya pampu na plagi, alimpata fundi wa nne, mzee mmoja asiyesema mengi. Mzee huyu hakutaka kifaa cho chote kwanza. Alimwuliza, “Yasita lini?” Mkulima akajibu, “Mara tu nikanyagapo, Mzee. Ikishapata mwendo haina neno.” Mzee akafungua boneti, akalishika lile bomba nene la mpira lenye mikunjo, akalikunja kwa mikono miwili. Ndani ya mkunjo wa tatu palikuwa na ufa wenye urefu wa kidole. Pampu iliyotolewa ilikuwa nzima. Plagi zilizotupwa zilikuwa nzima. Kompyuta haikuwa na kosa lo lote.

Mkulima huyu ni mfano tu, lakini ufa wake wajulikana katika gereji nyingi. Basi, mwenye gari, ukiona injini yako yasita, usikimbilie duka la vipuri. Andika dalili, tumia macho, masikio na mikono, uanze na hewa, ufuate petroli, umalize na cheche. Na mpaka siku utakapokuwa umelijaribu gari mlimani ukaridhika, kaa nyuma ya lori kwa saburi. Kabeji zilizochelewa sokoni huuzwa kwa bei ndogo. Lakini mtu akishapotea barabarani, hakuna soko linalomrudisha.